Mbendwa Baba, Msalaba Wako Bado Mweupe

Mbendwa Baba,

Najua herufi ya pili imekaa vibaya. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kazi yangu ni kuizungushia kalamu nyekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu. Lakini barua hii ni yako, na wewe na mimi tunajua neno hilo lilikotoka, kwa hivyo liache hivyo.

Tulikuzika wakati wa kupanda mahindi, na sasa watu wanavuna. Juu ya kaburi lako pale nyumbani Turbo pamesimama mbao mbili nilizozipaka rangi nyeupe kwa mkono wangu mwenyewe, na hadi juzi hazikuwa na jina. Jumamosi kuna maombi ya kumbukumbu. Baba Mdogo alikuwa amesema aibu imetosha, kwamba fundi aliyeandika misalaba ya nusu ya kaunti amelala kama mtu aliyeokotwa njiani. Jumamosi ikifika bila jina, angeleta jiwe kutoka mjini, lile la kuchongwa na mashine, lenye picha yako ya kitambulisho. Picha ile, Baba. Ile uliyotoka kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani.

Unakumbuka mazishi ya Moi's Bridge? Nilikuwa likizo, nimekaa nyuma ya pikipiki yako, na msalaba wa mama mmoja mkulima umefungwa mgongoni mwangu kwa kamba ya katani. Watu njiani walikuwa wanatupisha na kuvua kofia, nami nikajiona mtu mkubwa sana. Huo msalaba uliuandika peke yako, sikuwepo kuukagua. Na ulimi wetu wa Kinandi, M ikitangulia, P hugeuka B bila kuomba ruhusa. Brashi yako ikafuata ulimi. MBENDWA WETU, ukaandika, kwa zile herufi zako nono zenye kivuli upande mmoja.

Pasta akasoma kwa sauti, akakwama katikati ya neno. Kijana mmoja akacheka puani, kicheko kikatambaa hadi safu za nyuma. Wewe ulishaanza kutoa brashi kwenye mfuko wa koti, jasho limekutoka, na mimi nilitamani lile shimo linimeze badala ya marehemu. Ndipo mume wa marehemu, mzee mrefu, akainua fimbo.

"Wacha hivyo, fundi," akasema. "Hivyo ndivyo alikuwa ananiita."

Hakuna aliyecheka tena. Tukirudi, karibu na Soy, ukasimamisha pikipiki kando ya shamba, ukakaa kwenye ukingo wa mtaro. Nilishindwa kujua kama unacheka au unalia. Nadhani ulifanya yote mawili.

Kuanzia hapo neno likawa letu. Nilipoenda chuo, na baadaye nilipopelekwa kufundisha mbali, kila safari simu ilitetemeka kabla sijashusha begi. "Mbendwa umefika?" Ndiyo hayo tu. Hukuwahi kuongeza habari wala salamu. Nami nilijibu, "Nimefika mbendwa," halafu ndipo ulipokubali kula, Mama aliniambia.

Kogo, mama yako, hakuipenda kazi yako hata siku moja. Kwake, marehemu hatajwi jina. Alipofiwa na Babu alianza kumwita "yule mzee", na mtoto aliyeropoka jina alinyamazishwa kwa jicho. Sasa mwanawe mwenyewe akawa mtu wa kuandika majina ya wafu, makubwa, kwa rangi nyeusi, na kuyaanika kibandani pale Pioneer, mjini, mbele ya pikipiki na wauza maembe. Akipita kibandani kwako alijifunika uso kwa leso. Wewe ulisema kila mtu na mkate wake, ukaendelea kuchanganya rangi.

Lakini alipokufa yeye, ulimpa fundi mwingine msalaba wake. Ulidai mgongo unauma. Ukajifungia kibandani, na ulipotoka ulikuwa na ile picha: kigoda chake, leso imetupwa juu yake, kibuyu cha maziwa ya mursik kimeegemea ukuta, mlango uko wazi. Hakuna mtu. Mteja mmoja aliitaka kwa sebule yake, kisha akalalamika kwamba inatia majonzi, akakuomba uongeze mtu, au basi hata kuku. Ulimwambia, "Mtu yuko. Ametoka tu." Hukumuuzia.

Nimekuwa nikiipeleka picha hiyo darasani tukifika kwenye mbolezi. Ninawaambia wanafunzi kwamba wanadamu wameimba, wamechora na wametunga kwa sababu ya kifo tangu zamani, na kwamba kazi ya mbolezi ni kuwaliwaza waliobaki. Mwaka huu niliwaambia tena, kama kasuku. Msichana mmoja aliyefiwa na mama yake akainua mkono. "Mwalimu, kwani huzuni ikichorwa inaisha?" Darasa zima likanitazama. Nilimwambia sijui. Kwa kweli nilikuwa najua, ila sikuwa na nguvu ya kulisema jibu mbele ya watoto.

Kifua chako kilitushinda sote. Siku ya mwisho ulikuwa na mpira wa hewa puani na huwezi kusema, ukaanza kuandika hewani kwa kidole, herufi kubwa kama kawaida yako. Nilisoma M. Kisha kidole kikashuka kwenye blanketi. Nimeifikiria M hiyo kuliko mstari wowote wa shairi niliowahi kufundisha. Inaweza kuwa lile neno letu. Inaweza kuwa Mama. Inaweza kuwa maji, na mimi nikakaa tu nakutazama.

Basi nilipopewa mbao zako nilizipaka nyeupe, nikapiga mistari kwa chaki, nikachovya brashi. Ulinifundisha kuanza na tarehe na kumaliza na jina, kwa sababu tarehe hazina sura. Hata tarehe zilinishinda. Mkono ulitetemeka mpaka rangi ikadondokea viatu. Walitaka kuita fundi wa barabarani, nikakataa kama mtoto anayeng'ang'ania kikombe, tukakuzika chini ya weupe. Mzee Nuur, aliyekuwa akikuuzia rangi, alikuja kunipa pole na kusema kwao makaburi mengi hayana majina na hawajasahau mtu. Maneno yale yalinitosha miezi mingi. Nilijiambia namheshimu Kogo. Uongo mtupu. Niliona kwamba jina lako likishaandikwa huko juu, utakuwa mmoja wa wateja wako.

Wiki iliyopita Mama alinifuata kibandani. Hakunigombeza. Alifuta vumbi kwenye stuli yako, lakini hakuikalia. "Kama mkono umekataa, sema," aliniambia. "Nitamwambia ndugu yake alete hilo jiwe. Lakini mimi nilitaka huyo mtu aandikwe na mtu anayemjua."

Jana mchana tuliung'oa msalaba nikaulaza juu ya meza uani. Nilipiga mistari upya. Nilianza na neno la kwanza, M, na mkono ukatetemeka vilevile. Halafu nikaandika B mahali pa P. Sikuwa nimepanga. Niliitazama, nene, ina kivuli upande mmoja, na ilikuwa sauti yako kabisa, kana kwamba umeongea nyuma ya mlango. Mkono ukatulia. Nikamaliza neno, nikaandika tarehe zote mbili, nikaandika jina lako lote, hata lile la ubatizo ulilokuwa unalichukia.

Mama akatoka jikoni akasoma polepole, midomo ikicheza. "Hapo juu umekosea," akasema. Nikamwambia hapana. Akatazama tena, na akaelewa, na akaketi chini kwenye nyasi na aproni yake na kulia kwa sauti, kilio ambacho hakulia hata siku ya kukuzika. Nami nikaketi karibu naye. Baba Mdogo alipofika jioni alisoma, akakohoa, hakutaja jiwe tena.

Sasa nitakuambia lile jibu ambalo sikumpa yule msichana. Haiishi. Nilidhani nikiandika nitapumua, kumbe nilikuwa na bahati zamani, wakati mbao zilikuwa tupu na ungeweza kuwa umetoka tu. Sasa umekufa, Baba. Nimeandika mwenyewe, na rangi imekauka. Nikiwarudia wanafunzi Jumatatu nitawaambia hivyo, kisha niwaonyeshe kigoda, na wasiotaka kuangalia wasiangalie.

Simu yako bado iko kwenye droo, Mama huichaji kila Jumapili na hasemi kwa nini. Jana baada ya kuusimamisha msalaba niliandika ujumbe, nikautuma, nikaisikia ikitetemeka ndani ya nyumba, juu ya mbao. Hakuna aliyeenda kuichukua. Safari hii wewe ndiwe uliyeenda mbali, na mimi ndiye niliyebaki na chakula kinapoa mezani.

Mbendwa umefika?

Ni mimi,
binti yako, aliyebeba msalaba mgongoni hadi Moi's Bridge