Waya Nyeusi ya Pampu ya Kabeza

Alhamisi, 3 Novemba 1994

Leo nimekabidhiwa pampu. Ni ya kisima cha kliniki ya wazazi, hapa Kabeza. Imekufa tangu mwanzo wa wiki na wauguzi wanachota maji bondeni kwa jerikani. Nesi Mugeni amenionyesha viganja vyake, malengelenge matupu. Na wodini vichanga wamejaa!

Arthur, msimamizi wetu, amenipa ufunguo wa boksi la swichi. Eti: wewe si ndiye umesomea umeme Tanzania, haya tuone. Yeye ni wa Kampala. Mimi nimetoka Mwanza mwezi wa nane, vita vilipokwisha, kuja nchi niliyoisikia tu midomoni mwa wazazi. Sote wageni kwetu. Lakini yeye anapenda kuongea kama aliyezaliwa ndani ya hiyo kliniki.

Umeme wa mji ulikuwa umekatika, kwa hiyo nimekagua kwa macho tu. Kontakta, yaani ile swichi ya sumaku inayowasha mota, imeungua ndani yote. Nimeisoma ubavuni. Ni ya majiko ya umeme! Mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa mpigo, jiko halina tabia hiyo. Nani aliichagua? Arthur mwenyewe, aliileta kutoka Kampala, anaisifu bado.

Halafu nimeona kingine. Waya nyeusi imefungwa kwenye laini, yenye umeme, buluu imefungwa kwenye nyutro, njia ya kurudia. Nimesema kwa sauti: hizi zimegeuzwa. Sikujua Arthur amesimama mgongoni kwangu. Akauliza nani alifunga. Mugeni akamjibu ni Munyaneza, fundi wa mtaa wa Biryogo, boksi lote ni kazi yake ya zamani, na hata hiyo kontakta ya Kampala ndiye aliyeiweka. Arthur akaguna tu, akaenda zake.

Ijumaa, 4 Novemba

Siku mbaya. Nina harufu ya plastiki iliyoungua puani mpaka sasa.

Stoo nilikuta kontakta ya mota, mpya, moja tu, ndani ya boksi lake. Koili, ile sumaku yake, ni ya volti 220. Nikafurahi kama mjinga. Nikaifunga, nikazirudisha waya "mahali pake" – nyeusi kwenye nyutro, buluu kwenye laini, kama nilivyofundishwa. Umeme ulikuwa bado haujarudi. Sikupima. Sikupima! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angepigwa rula kwa hilo.

Mchana umeme ukarudi. Nikabonyeza kitufe cha kijani mbele ya wauguzi wote. Mota ikanguruma papo hapo bila kuzunguka, kisha moshi ukatoka kwenye kontakta. Koili imekwisha. Ile moja ya stoo.

Arthur akasema: kumbe ametutegea. Nikamuuliza nani. Akasema fundi wenu huyo, amegeuza waya ili atakayekuja aunguze. Kliniki ya wazazi, akasema, watu gani hawa. Ningepaswa kumwambia ngoja. Sikujua bado kwa nini imeungua, nikajipangusa masizi tu.

Jumamosi, 5 Novemba

Munyaneza amechukuliwa jana jioni. Arthur alishatoa taarifa, na askari wawili walikwenda nyumbani kwake Biryogo.

Mkewe amekuja getini, anaitwa Shakira, mtandio wa manjano, mtoto mgongoni. Hakulia wala kupiga kelele. Ameniuliza kwa Kiswahili cha kwao: mama, iko waya gani hiyo mume wangu aliharibu? Anasema wanamuuliza nani amemtuma. Nikamwambia sijui, nitaangalia. Sijui! Mimi niliyetamka kwamba zimegeuzwa.

Nikakimbilia kwenye boksi na mita ya kupimia umeme. Umeme ulikuwepo. Nyeusi kwa ardhi: 220. Buluu kwa ardhi: sifuri.

Nikapima tena. Nikaketi chini kwenye sakafu ya kibanda cha pampu.

Hakuna aliyegeuza chochote. Humu walifunga kwa mtindo wa Wabelgiji – buluu ndiyo nyutro, nyeusi ni laini. Kwetu Tanzania, na Uganda kwa kina Arthur, tulirithi mtindo wa Waingereza, nyeusi ndiyo nyutro, buluu ni laini. Munyaneza alifunga sawasawa na nchi yake. Mimi ndiye niliyegeuza. Koili ya 220 nikaifunga kati ya laini mbili, ikapata 380, mota nikainyima laini moja kati ya tatu. Halafu mtu analala ndani kwa ajili hiyo.

Jumapili, 6 Novemba

Nimemvizia Arthur akitoka kanisani. Nimemweleza yote, kuhusu rangi, kuhusu mita, kuhusu mimi. Amenisikiliza huku anasalimiana na watu. Mwisho akasema: Mukarugwiza, ukisema hivyo watauliza na ile kontakta ya kwanza iliungua kwa nini. Nikamwambia iliungua kwa sababu wewe uliichagua ya majiko. Akasema waache wachunguze wenyewe, sisi si polisi.

Nimemtukana. Mlangoni mwa kanisa, kwa Kinyarwanda changu cha kuungaunga, nimemtukana vizuri tu.

Jumatatu, 7 Novemba

Kituoni. Nimekaa kwenye benchi asubuhi nzima pamoja na wanawake wenye vifurushi vya chakula. Kila mlango ukifunguka, vichwa vyote vinainuka.

Afande aliyenipokea ni kijana mpole, amekulia Mbarara, Uganda. Hilo ndilo tatizo! Anaujua umeme kidogo. Akasema yeye mwenyewe amesaidia kufunga nyumba za watu kule, na nyeusi ni nyutro, kila mtu anajua. Nikamwambia kila mtu wa kule. Akacheka kidogo. Nikamwomba aje na macho yake, amlete na Munyaneza. Amesema Jumatano, kama hakuna kazi nyingine.

Kama hakuna kazi nyingine. Nimetembea hadi Gisozi nikiwa nayo kichwani hiyo sentensi. Kule kuna mchomeleaji aliyekuwa na kontakta iliyong'olewa kwenye mashine ya kusaga. Ya mota, saizi inatosha, midomo yake ya kupitisha umeme bado mizima. Koili yake ni ya 380. Sawa, hiyo naifunga kati ya laini mbili, nyutro haihitajiki kabisa. Akanipa kwa ahadi kwamba nitamtengenezea mashine yake ya kuchomelea.

Jumanne, 8 Novemba

Maji yametoka! Nimerudisha nyeusi na buluu zilipokuwa, nimeweka kontakta ya Gisozi, nimeishusha rilei, ile swichi ya kulinda mota, mpaka namba iliyo kwenye kibati cha mota yenyewe. Nikapima kila kitu mara mbilimbili kama mwendawazimu. Ikazunguka.

Wauguzi walipiga vigelegele. Mugeni amenikumbatia, nikamwagiwa kopo zima. Arthur amenipa mkono mbele ya watu. Nimeuacha mkono wangu mkononi mwake kwa kuwa sikujua pa kuupeleka.

Shakira alikuwa nje ya ua. Aliyaona maji.

Jumatano, 9 Novemba

Naandika hapa hapa, ndani ya kibanda cha pampu.

Wamekuja. Afande, askari mmoja, na Munyaneza katikati yao. Ndiyo mara ya kwanza namwona. Mtu mzima mwembamba, ndevu zina mvi, shati limekosa vifungo. Nilidhani atanitazama kwa chuki. Aliangalia boksi kwanza, akaona kontakta ya mashine ya kusaga, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayekubali.

Nikampa afande mita ashike mwenyewe. Nyeusi kwa ardhi: 220. Buluu kwa ardhi: hakuna. Akarudia. Si mjinga, kijana huyu. Nikamweleza mimi ndiye niliyeunguza ile koili, kwa rangi za kwetu. Akasema: kweli, sasa naelewa. Moyo wangu uliruka! Halafu akasema, lakini huyu mzee ameshakubali, mama. Alikubali juzi, mbele yangu. Kwamba aligeuza waya.

Nikasema haiwezekani kukubali kitu ambacho hakikutokea. Afande akasema ngoja aulize wakubwa kwenye redio ya gari. Akatoka. Askari akabaki mlangoni, anavuta sigara.

Nikamgeukia Munyaneza. Kwa nini, baba?

Amesema polepole, macho kwenye pampu. Mama, wacha. Mle ndani iko watu wengi hawana kesi. Hao ndio wanakaa. Hakuna mtu anawaita, hakuna mtu anajua wataulizwa nini. Mimi iko na kesi ya waya. Afande alisema kesi ya waya ni kazi ya mikono, kufyeka, kubeba mawe, halafu mwaka mpya nyumbani.

Nikamwambia: lakini hukufanya, nikisema hukufanya watakuachia.

Akanitazama. Akasema: wewe umeona nani ameachiwa?

Nimetafuta jina hata moja. Wanawake wote wale wa benchi la Jumatatu, hakuna aliyeondoka na mtu wake. Sina.

Akasema tena, chini zaidi: ukininyang'anya hii kesi, mama, wananirudisha kwa wale wanaongoja. Na wataniuliza, kama hukufanya ulikubali kwa nini, wewe unaficha nini. Hii ni ndogo. Niachie.

Nilikuja hapa kusema ukweli. Nimeukariri siku nne. Sasa nauogopa. Ee Mungu, nifanye nini? Nikiusema, nampeleka pabaya zaidi. Nisipousema, Shakira atamwona mumewe anabeba mawe kwa kosa langu, na mtoto atakua akiambiwa baba yako alizima maji ya kliniki.

Afande amerudi. Amevuta kiti, amekaa mbele yangu, ana heshima zake zote. Wakubwa wamesema fundi ni mimi, watachukua neno langu. Ameuliza swali moja tu: mama, zile waya, ziligeuzwa au hazikugeuzwa?

Nimemwomba aningoje kidogo niandike vipimo. Amekubali. Anadhani hivi ninavyoandika ni vipimo. Munyaneza anajua si vipimo, maana mita nimeizima. Ametazama kalamu, kisha akanitazama mimi, na amenitikisia kichwa kidogo, kama alivyoitikisia kontakta. Nafunga daftari nimjibu afande: ziligeuzwa.