Baba, Darubini Imepatikana

Baba,

Darubini imepatikana. Siyo ya kufanana nayo, ni yenyewe hasa, yenye nambari ileile iliyogongwa kwenye mti wa kitako cha bunduki yako ya Kiingereza. Iko mbele yangu juu ya meza yako ya ufundi, na mimi tangu siku ilipoletwa nakaa nasimama, nnashika kitu nnakiacha. Wacha nikusimulie taratibu, maana nikikurupuka ntasema yote kwa pamoja, na wewe hukumpenda mtu anayesema mbio.

Kwanza ile siku ya mashindano ya kulenga shabaha. Sijaweza kuisimulia kwa mtu. Watu waliokuja kutupa pole wakiniuliza, nilikuwa nawapa kahawa tu.

Ulilala kifudifudi mahali pako kama kawaida, bunduki begani, shavu limeegemea mti. Mimi nimekaa pembeni kwenye mkeka na kioo changu cha kutazamia mbali, nakusomea upepo. Mazigazi yalikuwa yakikimbia kutoka kulia juu ya mchanga, halafu yakatulia. Nikasema, "Sasa, Baba." Kimya. Nikadhani upepo hujauridhia. Wewe ulikuwa mgumu kuridhika. Nikangoja mpaka bendera ikalala tena. "Sasa." Kimya. Jicho lako lilikuwa wazi nyuma ya darubini. Kidole kiko palepale. Aliyegeuka kukutazama ni Ami Saleh, rafiki yako na mshindani wako wa miaka yote, kwenye mkeka wa jirani yako, na yule mtu asiyeacha hata nzi atue kwenye bunduki yake aliitupa mchangani akakurukia. Alikugeuza, akawa anaita, "Nassor! Nassor, yakhe!" Na mimi? Mimi nilibaki na jicho kwenye kioo. Wallahi, nilibaki natazama shabaha, nikingoja tundu litokee.

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, hukuhisi kitu. Risasi ilikuwa bado imo ndani ya bunduki. Msimamizi wa mashindano aliitoa akaitia mfukoni.

Hapa nyumbani Ghubra mambo si yale. Mama, aliyekuwa akikulalamikia kila siku kwa harufu ya mafuta ya kitani uliyokuwa ukipaka mti wa bunduki, sasa anaufungua mlango wa karakana yako asubuhi na kuuacha wazi, ati chumba kipate hewa. Mimi najua anataka ile harufu iingie ndani. Polisi walikuja kukagua bunduki zako, wakazilinganisha na karatasi zao, na kibali kimehamishiwa kwa jina langu. Mwalimu wa hesabu mwenye bunduki za wadunguaji wa vita vya pili vya dunia! Wenzangu skuli wanacheka, halafu wananitazama upya.

Ile bunduki ya Kiingereza ndiyo sikuweza kuigusa. Nnaikumbuka ulivyoileta kutoka sokoni Nizwa, miaka ya tisini mwanzoni. Imepakwa rangi ya kijani ya mlango, imefungwa vipande vya fedha kama bakora ya bwana harusi, na kitako kimebonyea kila upande. Mama akasema, "Hii ndiyo uliyoiendea safari yote ile?" Wewe ulikuwa unachekacheka peke yako. Ulikwangua rangi kwa kipande cha kioo, pole pole, mpaka mti wa jozi ukatokea. Ukaniita niione pasi ya Mama inavyofanya kazi: kitambaa kibichi juu ya mti, pasi ya moto juu ya kitambaa, mvuke unapanda, na pale palipobonyea panainuka penyewe. Niliona maajabu. Mama aliona pasi yake imeharibika.

Na chini ya rangi zikatokea zile nambari. Ukanieleza kuwa kiwandani kila bunduki ya mdunguaji ilipewa darubini yake, zikafanyiwa majaribio pamoja, na nambari ya darubini ikagongwa kwenye kitako ili zisipoteane. Hizi zilipoteana. Uliandikia watu Uingereza, Uhindi, Pakistani. Kila anayesafiri ulimwagizia. Huku ukishindana na darubini ya kuazima kwenye bunduki nyengine, iliyokuwa ikihama kila ukipiga risasi chache, nawe unahesabu moyoni imehama kiasi gani. Na bado ulikuwa ukimshinda Ami Saleh mwaka huu, yeye akikushinda mwaka ujao.

Sasa sikiliza.

Ami Saleh alikuja baada ya sala ya alasiri, amevaa kanzu nyeupe na kilemba kama mtu anayekwenda kuposa. Hakutaka kuingia sebuleni. Aliniomba tuje huku karakana. Akatoa furushi la kitambaa, akaliweka mezani, akarudi nyuma hatua kama mtu aliyeweka kitu cha kuripuka.

Nikafungua. Nikaigeuza nipate kusoma nambari. Nikaenda kabatini nikatoa bunduki, nikasoma kitako. Nikarudi kusoma darubini. Nimesomesha hesabu miaka, Baba, na siku ile nilizisoma nambari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Umeipata wapi?" nikamuuliza.

"Nnayo zamani, mwanangu."

"Zamani tangu lini?"

Alisema aliipata kwa mfanyabiashara wa Karachi, muda mfupi tu baada ya wewe kuikwangua ile rangi. Alinuia kukupa siku ya Idi, akufurahishe. Kabla ya Idi yakaja mashindano, ukamshinda kwa darubini ya kuazima, mbele ya watu wote. "Nikajisemea, akiipata na hii, mimi sitomshinda tena maishani," akaniambia. "Nikasema nitangoja mwaka mmoja, nimshinde mara moja, halafu nimpe. Nikamshinda. Nikaona haya. Atauliza nimeipata lini. Kila mwaka ukawa mzito kuliko uliopita."

Huyu ni mtu aliyekula kwetu kila Ijumaa. Aliyekusaidia kuandika zile barua za kuitafuta! Anakaa hapo, anakutamkia nambari, nawe unaandika, na kitu kiko kwake Qantab kabatini!

Nilimwambia atoke. Sikumpigia kelele. Nilisema tu, "Toka, Ami." Akatoka, na viatu alivisahau mlangoni, akaenda peku mpaka garini.

Nikaingia ndani kwa Mama kama kichaa. Nikamweleza yote, nalia. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Baba yako alikuwa anajua."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alikuwa anajua, Zuwena. Unakumbuka Saleh alipolazwa kwa ile operesheni ya tumbo? Baba yako alikwenda Qantab kumsafishia bunduki zake, kwa vile chumvi ya bahari kule inakula chuma. Akaikuta. Alirudi hapa moja kwa moja. Akaniambia, 'Nimeiona.' Nikamuuliza, 'Ukafanyaje?' Akanambia, 'Nikaifuta chumvi, nikaifunga vile vile, nikairudisha.'"

Mama anasema alikuona umerukwa na akili. Alikwambia uende ukaidai haki yako. Na wewe ukamjibu, "Nikimwambia, Saleh hatokuja tena hapa. Mimi nimezoea kuwa anakuja." Basi. Ukaomba chai.

Baba! Barua mbili tatu za mwisho uliziandika baada ya hapo. Mimi mwenyewe nilikupelekea posta! Uliandika ukijua ilipo, naye ameketi pembeni anakutamkia nambari, naye anajua ilipo. Nilimuuliza Mama kwa nini uliendelea kuandika, akasema, "Angeacha, Saleh angefahamu." Nimelala na hilo neno, nimeamka nalo. Sijui nikucheke au nikugombeze. Miaka yote nilijiona mimi ndiye ninayekujua kuliko watu wote, maana nilikuwa nakaa begani kwako, nakusikia hata unavyovuta pumzi.

Viatu vya Ami Saleh vilinishinda nguvu. Kila nikipita naviona. Mwisho nikavitia garini nikaenda Qantab kumrejeshea, na njiani nikawa napanga maneno: ntamwambia kuwa ulijua, ntamwambia uliifuta kwa mkono wako na yeye yumo kitandani hospitali. Nilitaka aumie. Sikufichi.

Akafungua mlango mwenyewe. Amekonda. Nikamkabidhi viatu, na badala ya maneno niliyoyapanga nikasikia kinywa changu kinasema, "Mimi sijui kuifunga darubini. Nahitaji mtu."

Alikuja. Tuliifunga pamoja. Bisibisi zako zote anajua zilipo kuliko mimi. Ilipokaa mahali pake ilikaa kama jino kinywani, haikuhitaji kusukumwa. Ami Saleh aliuweka mkono wake juu yake, akauondoa upesi, akaenda kunawa uso.

Mashindano ya mwaka huu yamepita wiki hii. Nilishiriki mimi. Ami Saleh hakupiga, alikaa na kioo changu, ananisomea upepo. Nilipolala pale nikaogopa, Baba, nilidhani na mimi moyo utasimama. Risasi ya kwanza ilikwenda nisikokujua. Nilisikia vijana wa jeshi waliokuja kushindana wanacheka nyuma yangu. Akasema kwa upole, "Usiifukuze risasi iliyokwisha kwenda. Ngoja bendera ilale." Nikangoja. "Sasa." Nikapiga, na tundu likatokea palepale nilipotazama. Nikapiga tena, na tena. Haihami! Ungeona. Nilimaliza wa nne, na wale vijana walikuja kunipa mkono.

Tukiwa tunakusanya vitu, Ami Saleh akaniuliza bila kunitazama, "Alipata kunitaja kwa ubaya, hata mara moja?" Neno la kuwa ulijua lilikuwa limefika ulimini. Ningelisema, angelibeba mpaka kaburini. Au pengine angelitua mzigo, sijui. Nikamjibu, "Hata mara moja, Ami." Na huo ndio ukweli.

Bado nimepigwa na butwaa, na nadhani ntakaa hivi muda mrefu. Sijawa na moyo kama wako. Namsamehe asubuhi, jioni namkasirikia upya. Lakini Ijumaa nimemwambia aje kula, na Mama amekubali kupika biriani.

Kwaheri, Baba yangu. Allah akurehemu na akupe raha huko uliko. Nakuahidi hivi: neno ulilomfichia Saleh, mimi nami ntamfichia. Hatolisikia kwangu, wala kwa Mama, mpaka akukute mwenyewe. Hapo mtajuana.

Bintiyo,
Zuwena