Viazi vya Butembo, Samaki wa Goma

Mpendwa Mama Athanasie, mshauri wetu,

Naomba unisaidie, maana familia yangu iko katika miji miwili na mimi ndiye niliyebaki upande mmoja peke yangu. Jina langu unaweza kulisoma kwenye redio bila kulificha, Ndosho yote wanajua habari hii tayari na kila anayengoja mkate ananipa ushauri wake.

Mimi ni Viateur Twagirimana, natengeneza mikate, tanuri langu liko hapa Ndosho, mtaa wa Goma. Nimezaliwa Rutshuru, nyumbani kwetu tulisema Kinyarwanda, bibi yangu Micheline ni mutu wa Butembo, tulioana Goma na watoto wetu wawili, Umuhoza na mdogo wake Henri, wamezaliwa Goma. Tuliishi vizuri, mama, tuligombana kama watu wote, mpaka ule mwezi wa tano wa mwaka 2021 volkano ilipofunguka, mbingu ikawa nyekundu, tukakimbilia njia ya Sake pamoja na watu wote, bibi yangu amebeba Henri mgongoni na mimi nimebeba godoro, kitu ambacho ananikumbusha mpaka leo. Moto haukufika Ndosho, lakini ardhi ilitetemeka siku nyingi, ukuta wa nyumba yetu ukapasuka, na Umuhoza, ambaye alikuwa ameanza tu masomo, akawa hakubali kulala bila viatu miguuni. Barabara ya Rutshuru, ile ya kwenda Butembo, iliyokatwa na moto wa volkano, ilipofunguliwa tena, Micheline akasema anawapeleka watoto Butembo kwa kaka yake Kambale wapumue kidogo, akachukua nguo chache, nikawasindikiza kwenye basi tukaagana kama watu wa majuma mawili.

Yale majuma yakawa mwaka na zaidi. Mwanzo alisema anangoja ardhi itulie, halafu akasema watoto wameshaingia masomo, halafu akaanza habari ya bei, na hapo ndipo shida yetu ilipozaliwa. Kila tukipigiana simu ananiambia Butembo makala ni nusu ya bei ya Goma, maharagi karibu yanagawiwa, viazi vinatoka shambani asubuhi na saa sita viko kwenye sufuria, nyumba nzima unapanga kwa pesa ambayo Goma inakupatia chumba na choo cha kushirikiana na majirani. Na mimi ningenyamaza namna gani? Nikajibu kwamba Goma tuna ziwa, tuna sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, tuna umeme hata kama unakuja na kuondoka kama mgeni, kumbe Butembo giza likiingia ni kelele ya jenereta tu, na mvua ikinyesha matope yanamvua mutu viatu. Tuliendelea hivyo, kila mmoja anasifu mji wake kama mchuuzi anayeita wateja.

Halafu waasi wakachukua Bunagana, wakashuka mpaka Rutshuru, barabara ikafungwa. Makala na maharagi havikufika tena Goma kama zamani, kila kitu kikapanda, na mimi bado namwambia bibi yangu kwamba huku maisha ni mepesi. Nilipunguza mkate wangu, nikaupunguza tena, mpaka jirani yangu Mama Victoire akaniuliza kama siku hizi nauza mikate ama vidonge. Hilo Micheline sikumwambia.

Shemeji Kambale, ambaye ni mutu mwema, alinitumia habari kwamba nyuma ya nyumba yake kuna nafasi, nije nijenge tanuri, kwa sababu watu wa Butembo nao wanakula mkate. Nilimjibu kwamba maji ya Butembo hayapatani na unga. Kuna kitu kidogo pia, mama, si kikubwa: nilipokwenda kuwaona watoto kabla barabara haijafungwa, kwenye kizuizi kimoja vijana walisoma jina langu, wakasikia ulimi wangu wa Kinyarwanda, wakanishusha kwenye basi. Wananiuliza mimi ni wa wapi, nasema wa Rutshuru, wanauliza Rutshuru ipi, nasema ile ile, na shoferi ameshawasha gari, mpaka mama mmoja Munande, wa kabila la bibi yangu, nisiyemjua, akashuka naye, akawaambia huyu ni mukwe wetu, mwacheni. Wakaniacha. Micheline sikumwambia, nilifikiri ni ya nini kumtia wasiwasi.

Sasa Noeli iliyopita akaja kunitembelea, watoto akiwa amewaacha kwa Marie-Louise, bibi wa Kambale. Alizunguka Uganda, akapita Rwanda, akaingilia Gisenyi. Nilitaka aone Goma inavyopendeza, kwa hiyo nilijaza bidoni zote maji, nikanunua samaki mkubwa kuliko pesa yangu, nikaazima kwa Mama Victoire viti vinne na kitambaa cha meza, nikavuta na waya wa taa kutoka kwa jirani wa upande wa pili. Micheline akaingia na gunia la viazi. Amevuka mipaka mitatu na viazi, mama, ili mimi nivionje. Tulipika vyote pamoja, tukakaa kula, yeye anasifu viazi, mimi nasifu samaki, na ukweli ni kwamba kila kimoja kilimfaa mwenzake. Katikati ya chakula Mama Victoire akabisha hodi, amefikiwa na wageni, anaomba viti vyake. Na kitambaa. Tukabaki tumesimama na sahani mkononi. Micheline alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi nikacheka, nikafikiri mambo yetu yamekwisha.

Ndipo ardhi ikatetemeka kidogo, ule mtetemeko ambao sisi wa Goma hatuugeuzii tena kichwa. Micheline akaacha kucheka. Aliinuka, akaweka mkono kwenye ule ufa wa ukuta, akasema polepole, “Viateur, kule Umuhoza analala miguu mitupu.”

Mimi nikamjibu, “Viazi vyenu vina maji mengi.”

Mama, sijui neno lile lilitoka wapi. Aliosha vyombo vyote, akaenda kulala. Asubuhi alipofunga mfuko wake akaniambia, “Bei ya kila kitu umenipa. Haujaniambia sababu gani hautaki kukuja. Nangoja mpaka Pasaka.” Akaondoka. Tangu siku ile nikipiga simu ananisalimia kwa heshima, “Bonjour, papa,” kama anavyomsalimia mutu wa kodi, ananipa watoto niongee nao, halafu anakata. Na bado Marie-Louise ameniambia kwa siri kwamba Micheline huyo huyo anagombana na akina mama wa kwaya kule Butembo, anawaambia hawajawahi kula samaki aliye hai asubuhi, na kwamba Goma mutu ana uso wa kucheka hata akiwa na njaa. Sasa sielewi. Niambie mji gani ni bora, nibomoe tanuri langu niende, ama nimngoje achoke arudi?

Wako, Viateur wa Ndosho.

Papa Viateur,

Nimesoma barua yako nikicheka, na mahali pawili nikaacha kucheka. Lakini kwanza tumalize swali lako, kwa sababu ndilo jepesi. Butembo utakula kwa bei nafuu, utavaa sweta na utasikiliza jenereta. Goma utaangalia ziwa bure na utanunua maji ya kupikia kwa bidoni. Hakuna mji kati ya hiyo miwili uliokuomba uutetee. Makala yamepanda kwa sababu ya vita, na wewe badala ya kumwambia bibi yako kwamba umebanwa, unamwambia maisha ni mepesi. Maisha si mepesi, papa. Mkate wako ndio mwepesi.

Sasa pale pawili. Habari ya kizuizi umeniandikia kama kitu kidogo, umeificha nyuma ya maji na unga. Si kidogo. Mutu akishushwa kwenye basi kwa ajili ya jina lake, anayo ruhusa ya kuogopa barabara ile, na mimi sitakuambia kwamba woga wako ni wa bure. Ninachokugombeza ni kwamba umeusingizia mji mzima maji mabaya. Kambale anaamini umekataa nyumba yake. Micheline anaamini umechagua tanuri. Hakuna anayejua ukweli isipokuwa wewe na yule mama aliyeshuka, ambaye hata jina lake hukuuliza.

Mahali pa pili ni pale bibi yako alipogusa ufa. Hakuwa anakupa bei. Alikuwa anakuambia kwamba anaogopa ile nyumba, kwamba tangu volkano bado anasikia ardhi ikicheza chini ya mtoto wake, na wewe ukamjibu habari ya viazi. Ningekuwepo ningekupiga na mwiko. Yeye naye simwachi, maana alijificha nyuma ya makala na maharagi muda wote huo, akaona ni rahisi kusema Goma ni ghali kuliko kusema Goma inamtisha. Na mutu anayeuchukia mji hagombani na kwaya kwa ajili yake. Micheline anaikumbuka Goma, na nadhani anakukumbuka wewe pia, ingawa baada ya lile jibu lako sijui kwa nini.

Basi fanya hivi. Mpigie leo mchana, watoto wakiwa shuleni. Mwambie habari ya kizuizi kutoka mwanzo mpaka mwisho, usiikate, na usitaje bei ya kitu chochote. Halafu muulize habari ya ufa, unyamaze, umsikilize. Ukimaliza, mpigie Kambale, umuulize wazi kama mukwe anavyomuuliza shemeji yake: mutu mwenye jina langu anaweza kukaa kwenu kwa amani sasa? Yeye anaijua mitaa yake kuliko mimi na redio yangu. Akisema ndiyo, zunguka Uganda kama alivyofanya bibi yako, naye Kambale aje mwenyewe mpakani Kasindi, akae kiti cha pembeni yako mpaka nyumbani. Akisema ngoja, mwamini, usijifanye shujaa. Mkutane Kasese, kule Uganda, wewe, Micheline na watoto, mfanye Pasaka pale ambapo hakuna mwenye mji wa kusifu.

Watoto usiseme warudishwe Goma wakati huu, vita iko mlangoni na ule ufa haujazibwa hata kwa saruji ya aibu. Tanuri usilibomoe. Mpe Mama Victoire aliangalie, mgawane faida, ana jicho la kujua mkate ulio mkate. Ukifika Butembo, kula huko mwezi mzima, siku za kawaida, siku za mvua, siku za foleni ya maji, si meza ya mgeni. Hapo ndipo mtakaa wawili mkaamua mnaishi wapi.

Kwa hiyo kituoni kata tiketi ya kwenda tu. Ya kurudi mtaikata pamoja na Micheline.

Mama Athanasie