Nilivyoutania Ukumbi wa Mzee Kondo

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako vipi, bado linakuuma ukiinama kupalilia karanga? Na mvua, imefika Puge au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi mwili ni mzima, ila nina hofu, mama, hofu ya kweli. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu nimeizima tangu juzi. Kila ikilia ni matusi.

Unaukumbuka ule ukumbi wa disko nilikokuwa nikifanya kazi ya umeme, hapa ufukweni? Nilikwambia ni mkubwa, unajaza watu kama uwanja wa mpira. Mwenyewe, Mzee Kondo, ni Mzaramo, mtani wetu tangu enzi za misafara ya pembe. Siku ya kuufungua alinipa kipaza sauti mbele ya wageni. "Haya Mnyamwezi, sema neno!" Nami bila kufikiri nikasema, "Mtani, kula raha upesi, bahari nimeshaiagiza ije ilimeze jumba lako." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alicheka kuliko wote, akanipa jogoo.

Miaka mitatu tulikuwa juu, watu wakitoka mpaka Morogoro kuja kucheza. Kisha akaamuru mikoko ikatwe ili wateja waione bahari vizuri. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ndiyo inayoshika mchanga." Akanijibu, "Acha ushamba wako wa Puge!" Masika iliyofuata ukuta ukaanguka, halafu vyoo, na mwezi uliopita, saa nne asubuhi, sakafu nzima ya kuchezea ikazama na spika zake. Namshukuru Mungu hakukuwa na mtu juu yake. Mzee Kondo aliona kwa macho yake. Akaanguka palepale, mdomo ukapinda.

Basi mikoko ikasahaulika, watu wakakumbuka maneno yangu. "Yule Mnyamwezi aliyatamka mwenyewe! Kwao Tabora wana dawa!" Jamani, mimi mtoto wa mzee wa kanisa, dawa niijue wapi? Muuza chapati wangu sasa ananiwekea chenji mezani, hataki kunigusa mkono. Na mlangoni kwangu wameandika kwa mkaa: MCHAWI.

Leo alfajiri Mzee Kondo amefariki. Saa mbili mkewe akaja mwenyewe kwangu, wanawe watatu wamesimama nyuma yake, wamekunja mikono.

"Mtani," akasema, "tunazika baada ya adhuhuri. Marehemu alisema kwa tabu, asifukiwe kabla hujamtania kaburini."

Sikujua ana huzuni au ana hasira. Nisipokwenda, nimekiri. Nikienda, nitasimama na mdomo uleule mbele ya watu wanaoniita mchawi, na mtani akilia tu kaburini, hajafanya kazi yake. Sijui nimeitwa kwa upendo wa marehemu au wale vijana wananingoja.

Nisalimie baba, umwambie aniombee leo bila kuuliza sababu. Msalimie dada yangu fundi cherehani wa Ng'ambo, na mjomba wa mizinga ya nyuki. Bibi msimsomee barua hii. Namwachia jirani yangu, dereva wa lori la Nzega, awaletee.

Adhana hiyo inaadhiniwa. Nakwenda, mama, na mpaka sasa sijapata hata neno moja la kuchekesha.

Mwanao,
Mihambo