Hakuna Udongo Juu Yake

Nyankumbu, Geita
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa dada Ritha,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, na Mama anakula vizuri. Nimeanza na hilo kwa sababu Jumapili iliyopita nisingeweza kuliandika. Nawe hujambo? Mguu wa kulia unaendeleaje? Baridi ya chuoni imeanza? Ningekutumia ujumbe, lakini simu ni ya Mama, nami mambo marefu siwezi kuyasema bila karatasi. Unanijua.

Picha yako ilifika Jumatatu, tarehe 29 Septemba, tukichambua mchicha. Mimi niliona furaha: wewe msichana pekee kati ya wavulana wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, umevaa helmeti yenye vyuma mbele ya mdomo, mabega yametuna kwa kinga, weusi umepakwa chini ya macho. Mama aliona kofia ngumu, uso mchafu, na wanaume kushoto na kulia. Akanirudishia simu, akaenda kukaa jikoni. Unakumbuka alivyoapa siku duara, lile shimo la dhahabu, lilipomfukia Baba, kwamba hakuna mtoto wake atakayevaa kofia ya kushukia shimoni. Aliamini umeacha masomo, unachimba dhahabu huko Marekani.

Aliniuliza kama najua lolote. Nikasema sijui, maana nilikuahidi kutunza siri yako mpaka msimu wa mechi uishe.

Kesho yake alikwenda kuponda mawe kama kawaida, akamuuliza Mzee Ndaki, msimamizi wa duara, kama huko ughaibuni wanawake huteremka. Wajua hapa mwanamke hata kusogelea mdomo wa duara haruhusiwi. Mzee Ndaki akacheka mbele ya waponda mawe wote, akasema wanawake wakishuka dhahabu hukimbia, hata iwe ya Wazungu.

Mama akamjibu, "Basi na ikimbie. Mwanangu atarudi akiwa hai."

Toka hapo akawa anamega matonge mawili tu, kisha ananawa. Jumapili akapeleka hitaji kanisani. Mchungaji Maganga akatusimamisha wote, tukamwomba Mungu aimarishe miti inayoshikilia kuta za shimo lako. Jirani yetu Mama Blessing alilia. Mimi nilisema amina kwa sauti. Mama akatangaza kwamba mjomba Edson atakuandikia urudi nyumbani kabla ya Krismasi, na unajua Mama akishasema kanisani harudi nyuma.

Dada, sasa nakiri. Ahadi yetu ilikuwa sababu moja tu ya kunyamaza kwangu. Sababu kubwa ni kwamba niliona ukweli ni mbaya kuliko shimo. Nilijiuliza, mwanamke aliyezoea kukatazwa kusogelea duara atasemaje akisikia mwanawe anagombania mpira na wanaume tisini? Nilimdhania Mama kuwa kama Mzee Ndaki. Naona aibu hata kuandika.

Alhamisi nilimkuta ameweka fulana ya Baba mapajani, haifui wala haishoni. Hapo nikavunja ahadi. Nilimweleza yote: mpira uliochongoka, nguzo mbili, kwamba kazi yako ni kuupiga upite katikati, na kwamba kabla yako chuo hicho hakikuwahi kumweka msichana katika timu hiyo. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwishowe akauliza jambo moja tu.

"Kuna udongo juu yake?"

Nikamwambia hapana, Mama, ni mbingu tu.

Akacheka mpaka Mama Blessing akaja kuchungulia. Akala ugali wake wote na nusu ya wangu. Ijumaa alimfuata Mzee Ndaki, akamwambia kwamba huko wamemweka mwanamke katikati yao na hakijakimbia kitu. Leo amesimama tena kanisani kurekebisha hitaji lake. Mchungaji Maganga alikohoa, akafikiri, kisha akaomba mpira wako upite katikati ya nguzo. Mjomba Edson hatakuandikia.

Nisamehe kwa siri niliyoitoa, na zaidi kwa siku nilizochelewa kuitoa. Mama Blessing anakusalimu. Mama anakuagiza kwamba ukishapiga usisimame kutazama, uondoke kabla wale wanaume hawajakuangukia. Na picha nyingine utume, ila hii uvue kofia, auone uso wako.

Mdogo wako akupendaye,
Martina