Futi ya Bibi

4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe sana. Goti limetulia? Na macho je? Mimi mzima, ila mikono inanuka sabuni ya kufulia hata nikiwa nakula. Humu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali mashuka hayaishi. Ukimaliza rundo hili, wauguzi wameshaleta jingine.

Cheche hajambo? Kumleta kwako kumenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Mama gani anampeleka mtoto wa miaka minane kwa bibi yake kwa sababu shule ya tatu imemkataa na zamu za kazi hazimruhusu kumlea? Usinijibu, najua utakachosema.

Narudia maneno ya daktari, maana siku ile tuliongea huku unamkimbiza uani. Hali yake inaitwa ADHD. Si utundu, si pepo, si malezi mabaya. Akili yake nzima kabisa na inakwenda mbio. Breki ndizo zinazochelewa kushika. Alisema dawa zipo na si sumu, lakini tunaweza kuanza bila dawa, mradi sisi watu wazima tubadilike kwanza. Wewe na mimi tukakubaliana: bila dawa. Sasa karatasi yake nimeikunja humu ndani. Tafadhali mama, isome yote. Hilo la kwanza tu ni kubwa: mpe mwili wake kazi kabla hujamwomba atulie.

Simu nitapiga, ila unamjua Cheche, ataipokonya kabla hatujasalimiana. Mambo ya maana tuandikiane.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na jina la Bwana libarikiwe. Goti linalalamika mvua ikikaribia, macho ndiyo hivyo, lakini uzi kwenye sindano bado natia mwenyewe, kwa hiyo usianze kunizika.

Karatasi nimeipata na nimeisoma. Madaktari wanajua kuandika, jamani! Lakini nikuulize, wewe ulinilea mimi au mimi nilikulea wewe? Tulisema bila dawa. Basi mimi ninaye Daktari mkuu, na kila asubuhi napiga magoti na mjukuu wangu nusu saa nzima.

Sasa kaa chini. Jumapili ya tarehe nane Mchungaji alimwekea mikono, na Cheche akatulia ibada nzima, kichwa mapajani pangu. Cheche! Huyu huyu aliyetambaa chini ya mabenchi yote mpaka akaibukia miguuni pa mzee wa kanisa! Muda wa ushuhuda ulipofika nikasimama mbele za watu nikasema, "Mjukuu wangu amepona." Vigelegele vilivyopigwa, nilidhani paa litang'oka. Na Jumapili hii iliyopita tena, ametulia tuli mwisho wa benchi kama mama mchungaji mdogo.

Habari nyingine ndogo: futi yangu ya kupimia nguo imepotea. Namshuku fundi wa nyumba ya pili, maana yule kuazima anajua, kurudisha hajui. Majoho ya kwaya nayapima kwa shubiri.

Acha kujilaumu. Mungu hachelewi.

Mama yako

5 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye mashine ya kunyoosha, nikalia mpaka msimamizi akadhani nimeungua. Wenzangu wote nimewaambia. Asante mama. Asante Yesu.

Ila nikuambie ukweli, furaha yangu ina doa. Najiuliza, mbona kwangu hakutulia? Miaka minane nimeomba. Nilikuwa naomba huku nimekasirika, huku namvuta mkono, na pengine nikampiga. Labda imani yangu ndiyo yenye kasoro. Au labda ni mapema mno kusema amepona, sijui. Ile karatasi unaendelea nayo lakini, au sivyo?

Jumamosi nilipopiga nilimwambia, "Mwanangu, bibi amekusemea mbele ya kanisa zima, usije ukamwaibisha." Akanijibu, "Sawa, mama." Basi. Kakua, eh?

Mwanao

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Huu mwezi wa pili sasa sijaona mwandiko wako. Kwenye simu unasema "tupo" unakata. Nimempata Cheche mara mbili. Namuuliza habari za shule, "nzuri." Kanisani, "nzuri." Mama, yule mtoto akiulizwa kitu kimoja hujibu saba, na cha nane anakionyesha kwa kuruka. Huyu anayesema "nzuri" mimi simjui.

Kuna nini?

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu, na wewe usiitikie mpaka umalize kusoma. Cheche ni mzima. Nimeanza na hilo ili moyo usikuruke. Ana nyuzi nne kidevuni.

Jumapili Mchungaji alimwita mbele. "Mtoto wetu wa muujiza na aje atuimbie." Cheche hakunyanyuka. Nikamnong'oneza, "Nenda." Akanitazama. Macho yale, mwanangu! Nikadhani ni haya za kitoto, nikamsukuma mgongoni. Mimi, kwa mkono wangu huu. Akaanguka mzima mzima, kidevu kikapiga benchi la mbele, damu ikatapakaa kwenye gauni nililomshonea.

Nilipoinama kumwinua hakuinuka. Nikapandisha gauni. Miguu yote miwili ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa benchi kwa ile futi yangu.

Jumapili nane alikuwa anajifunga. Mimi pembeni yake naimba! Alama nilikuwa naziona nikimwogesha, nikasema soksi zinambana, nikamnunulia nyingine. Na yule fundi wa watu nilimnunia miezi miwili, salamu sijibu, kumbe mwizi wangu nalala naye kitanda kimoja.

Zahanati, wakati wanamshona, alinishika sikio akanivuta karibu. "Bibi, usiwaambie sijapona. Natunza ushuhuda wako."

Nimeishi miaka sitini na sita, sijawahi kusikia neno lililonivua nguo kama hilo.

Ngoja nimalize, maana nikiacha leo sitaandika tena. Ile Jumapili ya kwanza alipotulia mapajani pangu, mtoto alikuwa na homa. Nilimgusa paji la uso tukiwa njiani kurudi, linachoma. Nilijua hapo hapo kwamba hakutulia kwa kupona, alitulia kwa kuugua. Nilikuwa nimeshasema, watu wameshapiga vigelegele, nikaona haya kurudi nyuma. Na karatasi ya daktari sikuisoma. Nilikuambia nimeisoma, niliiweka kwenye Biblia, ikakaa. Uongo, na mahali penyewe pa kuuficha ndipo hapo.

Nisamehe. Ukishindwa, sitakuuliza kwa nini.

Mama yako

17 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Nimeandika barua tatu nikazichana. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake.

Sina ugomvi na maombi. Hata mimi naomba, hapa kati ya mashuka. Lakini mtoto wa miaka minane amebeba heshima yako mbele ya kanisa zima, akaifunga miguuni, na wewe ulijua kuhusu homa. Ulijua, mama.

Halafu nikikasirika hivyo, nasikia sauti yangu kwenye simu: "Usije ukamwaibisha." Wewe ulimsukuma mara moja. Mimi nilimsukuma kabla yako, tena kwa mbali, halafu nikajisifu kwamba kakua. Siwezi kula vizuri tangu barua yako.

Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Jumamosi ya tarehe mbili nakuja kumchukua. Mwajiri amekubali nifanye za asubuhi tu. Nimemwona daktari: tutaendelea bila dawa kwa sasa, lakini nimemwambia tukishindwa sisi, tutazungumza habari ya dawa, na sitaiona kuwa ni kumkana Mungu. Naomba na wewe usiione hivyo.

Mfungie begi lake.

Mwanao

27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma na linastahili.

Begi limefungwa. Siandiki ili ubadili nia. Naandika ili usije ukasikia kwa watu.

Jana nilimwomba Mchungaji dakika tano. Aliponiuliza ni ushuhuda wa nini nikasema, "Wa uongo wangu." Akasita, akataka tuyamalize ofisini. Nikamwambia nilichosema mbele za watu siwezi kukirudisha ofisini. Basi nikasimama pale pale. Nikasema mjukuu wangu hakupona, alikuwa na homa, nami nilijua siku ile ile. Nikasema mtoto alijifunga kwa futi ili bibi yake asionekane mwongo, na mwongo alikuwepo tayari. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mtu mmoja alikohoa. Mama mmoja wa kwaya hajanisalimia hadi leo, na yule fundi, ambaye nimeshamwomba radhi, ndiye aliyenishika mkono nikirudi kukaa.

Mchungaji akaja jioni. Alisema na yeye alipenda muujiza upesi kuliko alivyompenda mtoto. Tukakaa wawili kama watu waliopigwa.

Karatasi nimeisoma sasa, kwa miwani, mara nne. Mpe mwili wake kazi. Nikaangalia nyumba nzima, kazi gani? Cherehani yangu si ni ya miguu! Nikamweka kwenye kiti, yeye akanyage chini, mimi niongoze kitambaa juu. Mwanangu, mtoto anakanyaga! Majoho sita tumeyamaliza, mishono imepinda kidogo, waimbaji watavumilia. Na akikanyaga, zaburi nzima inamtoka bila kukwama. Kule kwa magoti nusu saa hakushika hata mstari. Nilimpigisha magoti bure, na mashine ilikuwa hapo siku zote, hatua tatu kutoka tulipopiga.

Ichukue uende nayo. Dereva wa basi nimeshaongea naye. Mimi macho yangu yamechoka, usibishe.

Kovu utaliona kabla hujaona kitu kingine. Usijifanye hujaliona kwa ajili ya kunisitiri. Kuhusu dawa, siku ikifika, mimi nitashika kikombe cha maji.

Jambo la mwisho. Jana tulipotoka kanisani Cheche alinishika mkono mpaka tukafika kona ya duka la viatu. Kisha akaniuliza, "Bibi, kwa hiyo sasa naruhusiwa kuwa sijapona?"

Nikamwambia anaruhusiwa. Akaniachia mkono, akakimbia mpaka mwisho wa barabara, akarudi, akakimbia tena. Sikumwita.

Mama yako