Daraja la Tani Saba

Jumatatu, 8 Desemba 1975
Maji sentimita arobaini chini ya boriti. Misumari miwili ililegea, nimeigongomea. Mwaka wa tatu nalitunza daraja hili la magogo. Kibao cha "Mwisho tani saba" nimekipaka rangi upya. Kesho tipa za mkandarasi zinaanza kubeba moramu ya barabara mpya.

Jumanne, 9 Desemba
Tipa nne, zimejaa pomoni. Mlangoni zimeandikwa: tupu, tani tano; mzigo, tani nne. Nimezizuia. Nikawaambia madereva wapunguze nusu ya mzigo, wapite mara mbili. Dereva wa mbele akachomoza kichwa: "Bwana mdogo, hili daraja umelioa?" Wenzake wakaangua kicheko.
Nyapara wao hakucheka. Aliangalia mtoni, akauliza kama huko nako kuna kibao. Nikasema hakuna.
Wakageuza.

Ijumaa, 12 Desemba
Wamekata ukingo kwa katapila, chini kidogo ya daraja. Tipa zinavuka majini, kisha zinakatiza mbugani. Matete yamelala. Oili inaelea. Magurudumu yamechimba mitaro miwili ya kufika magotini, na mitaro inaelekea kwenye majaruba ya dada yangu Yustina. Mpunga wake ndio chakula chake na wanawe watano. Nimeandika barua wilayani.

Alhamisi, 18 Desemba
Jibu limekuja. Napongezwa kwa kulinda mali ya umma. Kuhusu mto, hakuna kanuni ya uzito. Nimesoma mara tatu. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jumatatu, 22 Desemba
Mvua tangu jana asubuhi. Mto umetokea pale ukingo ulipokatwa, ukafuata mitaro ya tipa mpaka kwenye mpunga wa Mwamkulu. Majaruba yote matatu ya Yustina yamejaa mchanga. Miche haionekani.
Nilimkuta amesimama, gauni limelowa. Akasema, "Umelinda magogo, mdogo wangu." Basi.
Daraja ni zima. Ningeziacha tipa zipite, lingevunjika, tungekata magogo mengine. Msitu uko pale. Udongo ule wa majaruba tutautoa wapi?

Jumatatu, 29 Desemba
Ruhusa ya siku moja. Nimechimba na Yustina tangu asubuhi. Mkono mzima umezama kwenye mchanga, udongo mweusi sijaugusa. Kwenye saa tano aliacha jembe, akasema pengine viazi vitakubali. Akaenda kuomba marando kwa jirani. Nami nikaanza kuinua matuta.